Keto Mshigeni: Msomi wa Mwani na Swali la Mabibo ya Newala

Mwaka 1973 jarida la Tanzania Notes and Records lilichapisha makala kuhusu mwani wa pwani yetu na namna unavyoweza kutumiwa. Mwandishi wake, Keto Mshigeni, alikuwa mtaalamu kijana wa mimea, na wakati huo wasomi wachache sana hapa nchini waliona kuwa jani la baharini linastahili kusomewa shahada. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hawaii, akarudi Dar es Salaam kufundisha na kutafiti. Baadaye alikuwa naibu makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Namibia, kisha Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki kilichopo Mikocheni. Katika mfumo wetu Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, na Makamu Mkuu ndiye anayekiendesha chuo siku hadi siku. Kwa hiyo tunazungumza juu ya mtu aliyeanzia kwenye mwani akafika kwenye kiti cha mtendaji mkuu wa chuo kikuu. Maisha hayo yana jambo la kuwaambia watu wa Masasi na Newala, ingawa huko hakuna bahari wala mwani.

Kabla ya yeye kuandika, mwani haukuwa kitu kigeni kwa wafanyabiashara. Tangu miaka ya 1930 watu wa visiwani walikuwa wakiokota ule uliojiotea baharini au kusukumwa ufukweni na mawimbi, wakauanika, na makampuni yakausafirisha Ulaya na Marekani. Kilichotafutwa ndani yake ni karajini, ute mzito unaopatikana kwa kuuchemsha, ambao viwanda huutumia kushikilia dawa ya meno isichuruzike, kulainisha aiskrimu, kuunganisha nyama za makopo na kutengeneza vipodozi. Muokotaji wa Pemba hakuwa na habari ya hayo. Alijua kwamba mnunuzi anakuja na anapima. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 biashara hiyo ilikuwa imekwisha, kwa sababu mwani wa kuokota ulikuja umechanganyika na mchanga na majani mengine, na tena bahari haizalishi kwa kasi ya matakwa ya mnunuzi. Hapo ndipo elimu ya viumbe ilipohitajika. Mtu wa biashara akiona bidhaa imechafuka na imepungua hutafuta bidhaa nyingine. Mtaalamu wa mimea huuliza maswali ya aina tofauti: mmea huu huota wapi, unahitaji mwanga na chumvi kiasi gani, unazaana vipi, na je, kipande chake kikifungwa kwenye kamba kitakua?

Swali hilo la mwisho lilikuwa limeanza kupata jibu mbali na hapa. Maxwell Doty, mtaalamu wa mwani wa Chuo Kikuu cha Hawaii, alikuwa miongoni mwa walioonyesha katika Ufilipino kwamba mwani unaweza kulimwa. Mshigeni alisoma katika chuo hicho wakati mwafaka, na aliporudi alipima upya pwani yetu kwa jicho la mkulima. Katika miaka ya 1980 majaribio yalifanyika Pemba, Unguja na pwani ya Tanga. Kazi yenyewe ukiitazama kwa karibu ni nyepesi kueleza na nzito kufanya. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, vigingi hupigwa mchangani kwa mistari, kamba ikavutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba hiyo vipande vya mwani vikafungwa kimoja kimoja kwa uzi laini, kila kipande kama kiganja cha mkono. Maji yakijaa, mwani hunyanyuka na kuyumba na mkondo. Baada ya wiki sita hivi kila kipande kimekuwa kichaka. Mkulima huvuna, hubakiza vipande vya mbegu, huvifunga upya, na mavuno huanikwa mpaka kilo saba au zaidi za mwani mbichi zibaki kilo moja. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Leo Zanzibar peke yake ina wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, karibu wanane katika kila kumi wakiwa wanawake, na zao hilo ni miongoni mwa makubwa yanayouzwa nje baada ya karafuu. Lilisambaa pia pwani ya bara, hadi Kilwa na Mtwara.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu hoja yangu imejengwa hapo. Mshigeni alichagua kitu kilichokuwa mbele ya macho ya watu na ambacho hakuna mtu aliyekiheshimu, akakijua kwa undani kuliko mtu yeyote nchini, na ujuzi huo ukarudi mikononi mwa watu walewale wanaoishi nacho. Naamini kwamba kuongoza chuo kikuu, kwa mtu wa namna hiyo, kulikuwa mwendelezo wa kazi ileile. Na naamini kwamba uwanda wa juu wa Makonde, pamoja na tambarare ya Masasi iliyo chini yake, umekosa sana watu wa aina hii, ilhali wa aina nyingine umewaona.

Mwaka 1906, moshi wa Vita vya Majimaji ukiwa haujakwisha na misheni ya Masasi ikiwa imeshambuliwa mwaka mmoja kabla, Mjerumani Karl Weule aliwasili kusini. Alishukia Lindi, akapita Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, kisha akapanda Newala na kuendelea hadi Mahuta. Alikuja na mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za sinema, vitu ambavyo wakati huo hata Ulaya vilikuwa vipya. Alikusanya vinyago, vyungu, silaha, vifaa vya jando na unyago, akarekodi nyimbo kwenye mitungi ya nta, akachora, akapiga picha, akauliza maswali. Vitu vilivyokwenda Leipzig vilihesabika kwa mamia na mamia. Mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Leipzig, mwaka 1908 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo, na mwaka 1920 akawa profesa kamili wa elimu ya mila na tamaduni za watu katika chuo kikuu cha mji huo. Weule alikuwa mtazamaji makini, na yapo mambo ya Wamakonde, Wayao na Wamakua wa wakati ule ambayo leo tunayapata katika kurasa zake tu. Hata hivyo, kila alichojifunza Newala kilisafiri upande mmoja. Kilimjengea mtu cheo, kikalijazia jumba makabati, kikakipa chuo cha Ulaya somo jipya. Mama wa Newala aliyeshuka bondeni alfajiri kuteka maji na kupanda tena na mtungi kichwani, kwa kuwa juu ya uwanda mchanga unanyonya mvua yote na haubakizi kijito, hakupata kutoka safari ile hata wazo moja la kumsaidia.

Msomaji wa Newala atasema hayo ni ya Wajerumani, yamepita. Yamepita kwa sura, lakini mwelekeo wa safari haujabadilika sana. Uchukue mkorosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho takriban tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka huku kusini. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Uhamishaji wa watu kwenda vijijini uliwatenga wakulima na mashamba yao, bei ilikatisha tamaa, na kisha ukaingia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaofunika maua na kuyakausha kabla hayajashika korosho. Watafiti wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walikaa na ugonjwa huo miaka. Walijua unapenda majira gani, salfa inyunyiziwe wakati gani na kwa kiasi gani, mikorosho gani inauvumilia, na namna ya kubebesha miche vikonyo vya mikorosho hiyo. Mavuno yalipanda tena hadi kufikia tani zaidi ya 300,000 katika msimu wa 2017/18. Huo ni ushahidi wa karibu kuliko wa Zanzibar kwamba elimu ya viumbe ikikaa karibu na mmea na karibu na mkulima huzaa chakula na ada za shule. Lakini tazama kilichofuata. Korosho nyingi bado hutoka ghafi, zikiwa na maganda yake, kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mkopo tangu miaka ya 1970, vya Newala na Masasi vikiwamo, kwa miaka mingi vilitumika zaidi kama maghala. Mafuta makali yaliyomo ndani ya ganda, ambayo viwanda huyatumia kutengenezea breki za magari na rangi za kuhifadhi mbao, huondoka na ganda.

Na korosho ni sehemu ndogo tu ya kinachoanguka. Kuanzia Oktoba, ukiingia shamba lolote la Newala au Tandahimba, utakuta chini ya kila mkorosho mabibo mekundu na ya manjano, mengine yamepasuka, nyuki na nzi wameyazingira, harufu tamu yenye ukali kidogo imejaa kivulini. Mwokotaji huinama, hushika bibo kwa mkono wa kushoto, hunyonga korosho kwa mkono wa kulia, korosho ikaingia kwenye ndoo na bibo likarudi chini. Kwa kila kilo ya korosho huwa kuna kilo tano hadi kumi za mabibo. Maana yake ni kwamba mkoa unaovuna korosho kwa makumi ya maelfu ya tani hutupa mabibo kwa mamia ya maelfu. Bibo lina vitamini C kupita chungwa mara kadhaa, lina sukari, na lina ule ukakasi unaokausha ulimi. Halivumilii: siku moja au mbili tu baada ya kuanguka limeoza. Wenyeji hawalitupi lote. Hulikamua wakapata uraka, hulianika likawa kochoko la kutunzia hadi msimu umepita, na wengine huendelea hadi kwenye nipa, ambayo inawatafutia ugomvi na sheria na kuwadhuru wanywaji. Mtu yeyote anayedhani wanavijiji hawajui thamani ya bibo basi hajawahi kuona kochoko limeanikwa juani. Wanachokosa ni hatua inayofuata baada ya ujuzi wao.

Hatua hiyo ndiyo iliyomshughulisha Mshigeni katika miaka ya 1990. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilichopo Tokyo kilianzisha mpango wa utafiti ulioongozwa na Mbelgiji Gunter Pauli, wenye wazo kwamba kiwanda kinachotupa kitu hakijamaliza kazi yake. Kinachoitwa taka kwa mchakato mmoja ni malighafi kwa mwingine, kama inavyokuwa msituni, ambako hakuna jaa. Mshigeni, akiwa Namibia, alikuwa sauti kuu ya wazo hilo barani Afrika. Katika mji wa Tsumeb, kaskazini mwa Namibia, kiwanda cha pombe ya mtama kilifanywa mfano: machicha yaoteshwe uyoga, mabaki ya uyoga yaliwe na nguruwe, samadi itoe gesi ya kupikia, na maji yanayobaki yarutubishe bwawa la samaki. Uyoga alikuwa ameupenda kama alivyoupenda mwani. Mwaka 2001, pamoja na Shu-Ting Chang wa Hong Kong, alitoa kitabu juu ya uyoga na afya ya binadamu. Alishughulika pia na uwezekano wa kuotesha uyoga kwenye mabaki ya mkonge na kwenye magugu maji. Kwa mtaalamu wa mimea uyoga ni mwalimu mzuri, kwa kuwa hauhitaji mwanga wa jua na huishi kwa kula kile ambacho viumbe wengine wamekimaliza.

Sasa uweke mnyororo ule wa Tsumeb chini ya mkorosho wa Newala. Bibo likikamuliwa lingali bichi, maji yake yakitolewa ukakasi na kuchemshwa, yanakuwa kinywaji ambacho Wabrazili wanakitengeneza na kukiuza kwa fahari. Makapi yakikaushwa yanaweza kuchanganywa kwenye chakula cha mifugo. Ganda la korosho linatoa mafuta, na likishakamuliwa linabaki kuni ya kuchemshia. Kila hatua kati ya hizo imeshafanyika mahali fulani duniani, India na Brazili zikiwa mbele. Kitu ambacho hakijafanyika ni kuziunganisha mahali pamoja, kwa kipimo cha chama cha msingi cha kijiji, mahali ambapo maji ni ya shida na umeme unakatika. Hilo ni swali la utafiti lenye ugumu wa kweli. Ukakasi unaondolewaje kwa kitu rahisi kinachopatikana Newala? Bibo la aina ipi kati ya mikorosho iliyozalishwa Naliendele lina ukakasi mdogo? Kinywaji kinadumu siku ngapi katika joto la Masasi? Kijana mmoja wa shahada ya pili akikaa misimu miwili na swali moja kati ya hayo ataacha kitu ambacho semina za hotelini hazijaacha.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito zaidi, ni kwamba mfano wa mwani wenyewe una doa. Wanawake wa Paje wamelima zaidi ya miaka 30, na bado wengi wanauza mwani mkavu kwa bei wanayopangiwa na wanunuzi wachache. Karajini hutolewa ng'ambo. Migongo inauma, macho yanaumia kwa mwako wa jua juu ya maji, na wanaume wengi waliacha kazi hiyo walipoona malipo yake. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, umekuwa ukifa maji yanapopata joto kupita kiasi, na wakulima wamebaki na spinosamu wenye bei ya chini. Yote hayo ni kweli, na mtu anayemsifu Mshigeni bila kuyataja anamfanyia hisani mbaya. Lakini yapime vizuri. Fedha ya mwani ndiyo iliyowawezesha wanawake wengi wa mashariki mwa Unguja, kwa mara ya kwanza, kuwa na kipato chao wenyewe, wakasomesha watoto na kuezeka nyumba mabati. Matatizo yaliyobaki yanaonyesha kwamba elimu ilifika nusu ya njia ikasimama. Dawa yake ni kuendelea na safari, kama alivyofanya Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, aliyewafundisha wakulima kuhamishia kotonii kwenye maji yenye kina na baridi zaidi, na kusaga mwani wao wakatengeneza sabuni na mafuta ya kupaka. Mwani uliowahi kutoka Unguja kama gunia sasa, kwa sehemu ndogo, hutoka kama kipande cha sabuni chenye jina la kikundi. Sehemu ni ndogo, lakini mwelekeo umegeuka.

Pingamizi la pili hutoka kusini kwenyewe: mabibo yameshajaribiwa. Naliendele imefundisha vikundi vya akina mama kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo, na chupa zimeonekana kwenye maonyesho ya Nanenane, kisha kimya. Sikubali kwamba huo ni ushahidi wa kushindwa. Kati ya makala ya Mshigeni ya 1973 na shamba la kwanza la biashara la 1989 kulipita miaka 16. Ndani ya miaka hiyo kulikuwa na majaribio yasiyoleta faida, mbegu zisizokubali, na viongozi waliouliza kwa nini mtu msomi anashughulika na majani ya baharini. Kilichofanya yasife ni kwamba chuo kikuu kilimpa mtu mmoja nafasi ya kushikilia swali lilelile kwa miaka mingi, akafundisha wengine walishike. Mafunzo ya siku tatu ya kutengeneza jamu hayana mtu wa namna hiyo nyuma yake. Mradi ukiisha, muhuri na mizani hurudi ofisini. Tatizo la mabibo ni kwamba hayajapata profesa wake.

Hapa ndipo uongozi wa chuo unapoingia, na ndipo wengi wanapouliza: kwa nini umwondoe mtafiti mzuri maabara umketishe kwenye vikao vya bajeti? Ni hoja ya haki. Nchi yetu ina wanasayansi wachache, na kila mmoja anayepewa ofisi kubwa ni mikono miwili imepungua shambani. Hata hivyo, mtafiti mmoja hutafiti maisha yake tu, na chuo kinachoendeshwa na mtu aliyewahi kupanda kitu kikaota hutenga fedha kwa namna tofauti. Mshigeni mwenyewe kabla ya Namibia alikuwa ameongoza masomo ya shahada za juu Dar es Salaam, yaani ofisi inayoamua kijana gani atatafiti nini. Na alipokwenda Mikocheni kuongoza chuo cha afya, wapo waliostaajabu mtaalamu wa mwani kuongoza madaktari. Chuo cha Kairuki, kilichoanzishwa 1997 na kuwa miongoni mwa vyuo vikuu binafsi vya mwanzo kabisa nchini, kilihitaji mganga mkuu, si mtu wa mimea, walisema. Lakini mwaka 1990 wataalamu kutoka nchi zinazoendelea walikutana Arusha kujadili dawa za asili zitokanazo na mimea, na kitabu cha mkutano huo, kilichotoka mwaka uliofuata, kilihaririwa na Mshigeni pamoja na wenzake, akiwamo Profesa Mayunga Nkunya wa kemia. Mtu aliyekwishaona kwamba dawa, chakula na mazingira ni somo moja hakuwa mgeni katika chuo cha afya. Mgonjwa wa utapiamlo Masasi hawezi kutibiwa wodini peke yake wakati mvua za kwanza zinapoleta uyoga kwenye vichuguu vya miyombo na hakuna anayejua aina ipi ina protini na aina ipi inaua, isipokuwa bibi mmoja anayezeeka na ujuzi wake. Wafini kama Marja Härkönen, wakiwa na Leonard Mwasumbi wa Dar es Salaam, wamekwisha kuandika juu ya uyoga unaoliwa Tanzania. Kitabu chao kinastahili kuwa katika kila zahanati ya kusini.

Lipo pingamizi la mwisho, na limetoka mbali kidogo. David Starr Jordan alikuwa Mmarekani mtaalamu wa samaki, aliyewapa majina samaki wengi wasiojulikana, kisha akawa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Stanford kuanzia 1891. Mtu huyo aliyezoea kupanga samaki kwa madaraja alianza kupanga na binadamu. Akahubiri kwamba watu fulani wazuiwe kuzaa ili taifa lisidhoofike, na fikra za aina yake ziliwasaidia waliotunga sheria za kuwahasi watu kwa nguvu. Mwaka 2020 Stanford iliondoa jina lake kwenye jengo lake. Weule naye, kwa kiasi chake, alikuja Newala na jicho la mkusanyaji na akawatazama watu kama vielelezo. Basi je, ni busara kumkabidhi chuo mtu aliyezoea kuainisha viumbe? Nadhani hatari ipo, na haitokani na kusoma viumbe. Inatokana na kusoma viumbe bila kuwajibika kwa wanaoishi navyo. Jordan hakuwahi kuulizwa na mtu aliyehasiwa. Mtafiti wa mwani aliyesimama majini na wakulima wa Pemba huulizwa kila bamvua: mbona mwani wako umekufa? Swali hilo humrekebisha mtu. Chuo kikuu kinachotaka viongozi wa aina ya Mshigeni na si wa aina ya Jordan kitafute watu ambao wamewahi kuulizwa swali hilo na wakakaa kulijibu.

Kusini mwa nchi pamekuwa na mabadiliko. Chuo cha Stella Maris kilifunguliwa Mtwara mwaka 2009, na Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso wilayani Masasi, alikuwa Mkuu wa Chuo wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa hiyo siwezi kusema watu wa huku hawako karibu na vyuo vikuu. Ninachosema ni kwamba kalenda yenyewe inawakata. Mabibo huanza kuanguka kwa wingi Oktoba na kuendelea hadi Desemba, na mwaka wa masomo wa vyuo vyetu vingi huanza Oktoba au Novemba. Kijana wa Newala aliyechaguliwa kusoma biolojia au teknolojia ya chakula hupanda basi kwenda Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma wiki zilezile ambazo shamba la mzazi wake limejaa kitu anachopaswa kukitafiti, na hurudi likizo kukiwa hakuna hata bibo moja. Kurekebisha hilo hakuhitaji jengo. Chuo kiwaruhusu wanafunzi kumi wa mwaka wa tatu kufanya mradi wao wa utafiti kati ya Oktoba na Desemba katika vyama vya msingi vya Newala, Tandahimba na Masasi, kwa makubaliano na Naliendele, na vyama viwaahidi chumba, ndoo, mizani na mahali pa kuchemshia. Vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU tayari vinakata sehemu ya kila kilo inayouzwa mnadani kwa ajili ya gharama mbalimbali. Wanachama wakitaka sehemu ndogo ya makato hayo iende kwa wanafunzi hao, wanaweza kulipeleka pendekezo hilo kwenye mkutano mkuu ujao.